Waya Uliobatizwa

Quinuapampa, 9 Juni 2013

Zulema mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu hapa hushika ukipanda kilima cha msalaba tu, na huko juu hukosi kumkuta mtu amekaa anajifanya anachunga kondoo. Haya yangu hayawahusu kondoo.

Uliondoka mapema na lori la maziwa, hukuona sherehe ilivyoisha. Nguzo ya waya mpya wa umeme niliipiga na mtungi wa pombe yetu ya mahindi, chicha, kama mama wa ubatizo anavyopaswa, mtungi ukakataa kupasuka. Nikapiga tena, haukutaka. Padri akaninong'oneza, "Bi Etelvina, taratibu, nguzo ni hiyohiyo moja." Ulipokubali, chicha yote ikaishia kwenye kofia ya meya, naye akapiga makofi kwa kuwa alikuwa anapigwa picha. Kwa hiyo waya umebatizwa. Wewe umeuzaa kwa hesabu zako, mimi ndiye mama yake wa ubatizo. Na watu wa Chumbal, ng'ambo ya korongo, ambao babu yako alikufa hajawasalimia, walicheza nasi mpaka viatu vikalegea.

Sasa nikwambie kilichobaki baada ya ngoma. Tangu waya uwashwe, umeme unakatika. Unakatika jioni, watu wakisharudi mashambani, kila mtu na taa yake na redio yake, nami na tanuri langu. Taa zinaanza kupumua: zinang'aa, zinafifia, zinang'aa, zinafifia, kisha bonde lote linazimika, vijiji vyote vinne kwa mpigo. Zamani kila kijiji kilikuwa na giza lake. Sasa tuna giza la ushirika. Jana mikate ilitoka nusu mikate nusu uji, na Mama Hermila akaniuliza kama ninauza kwa kijiko.

Watu wanasema mkosaji ni Leoncio Tongombal, mwendeshaji wa mtambo wa umeme wa maji kule Chumbal. Ati analala kazini. Mimi sijui. Leoncio ni mtu asiyesema sana, na mtu wa namna hiyo ni rahisi kusemwa.

Wewe ndiye injinia wetu. Tupe neno.

Shangazi yako,
Etelvina Cotrina

*

Trujillo, 20 Juni 2013

Shangazi mpenzi,

Barua yako nimeisoma ofisini nikacheka peke yangu, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama hesabu imekubali.

Usiwe na wasiwasi na mwanao wa ubatizo. Fikiria kanivali, watu wanacheza unsha, wameuzunguka mti wameshikana mikono. Mitambo yenu minne ndivyo ilivyo: yote lazima iende kwa hatua moja, wa kwanza asimpite wa pili. Zamani mlikuwa mstari, Chumbal huku mwisho, Llushca na Tambo katikati, Quinuapampa kule mwisho, na wa mwisho akijikwaa hana wa kumshika upande wa pili. Waya mpya umewaunganisha hao wawili wa mwisho. Mstari umekuwa duara, kila mmoja ana mkono kulia na mkono kushoto. Udaktari wangu wote ni juu ya jambo hili: mtandao ukiongezwa viungo, unasimama imara zaidi. Waya hauwezi kuwa chanzo.

Labda ni mwendeshaji wa Chumbal, haangalii mtambo wake jioni.

Mwezi ujao naenda Arequipa kuieleza kazi hii mbele ya wataalamu. Nimeweka picha ya nguzo yenu. Wewe unaonekana na mtungi, uso kama wa mtu anayemfukuza mbwa.

Nakubusu,
Zulema

*

Quinuapampa, 2 Julai 2013

Mwanangu,

Barua yako imesomwa mbele ya baraza la doria, haohao wanaotulindia ng'ombe usiku na kutuamulia kesi mchana. Niliisoma mimi, kwa sauti, nimesimama juu ya kreti la soda. Unajua shule sikwenda. Kusoma nilijifundisha kwenye magazeti ya kufungia mkate, ndiyo maana mpaka leo nasoma vizuri zaidi habari zenye mafuta. Lakini siku hiyo nilisoma kama padri.

Nilipofika kwenye Leoncio, Mzee Baldomero Chilón, mkuu wa doria, akauliza, "Nani anasema hivyo?"

"Injinia anasema."

"Yule wetu?"

"Kwani tuna wangapi?"

Leoncio alikuwa amesimama na kofia mkononi. Wakamwuliza kama ana la kujibu. Akasema, "Mimi silali." Kutoka nyuma mtu akadakia, "Hata mke wangu husema hivyohivyo, huku anakoroma!" Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, nisikufiche.

Hukumu itatolewa siku ya Mtakatifu Yakobo, tarehe ishirini na tano. Wamemwambia alete shahidi. Sijui atamtoa wapi: mtu anayekaa peke yake kwenye nyumba ya mtambo, nani atamshuhudia kwamba alikuwa macho?

Picha yako ya kofia ya udaktari nimeihamishia juu ya kaunta. Wateja wanaisalimia kwanza, ndipo wanisalimie mimi.

Etelvina

*

Trujillo, 13 Julai 2013

Shangazi,

Kaa kwanza ndipo usome.

Kule Arequipa nilizungumza vizuri. Ukumbi ulijaa, walinipigia makofi. Baadaye akasimama mama mmoja wa makamo, mgeni kwangu, akauliza swali jepesi: "Huo waya wa zamani unaoingia Chumbal una unene gani?" Nikajibu, "Moja." Watu wakacheka, kicheko cha watu wa kazi moja, maana wote tunafanya hivyo. Yeye hakucheka. Akasema ahsante, akakaa.

Nikueleze hiyo "moja." Katika kazi yetu, ukitaka hesabu iwe safi, unaweka kila kitu kuwa moja. Kila mtambo una nguvu moja, kila waya uzito wake moja. Tunafundishwa hivyo na tunawafundisha wengine hivyo, na karatasi ikitoka safi tunaiita nzuri. Shangazi, mimi nimekulia hapo. Waya unaotoka Llushca kwenda Chumbal nimeanika nguo chini yake. Najua ni mwembamba kuliko kamba ya kufungia ndama. Na bado niliandika moja.

Nimerudi nikaweka unene wa kweli, na maji ya kweli, na mahitaji ya kweli ya jioni. Mambo yako hivi. Mtambo mkubwa uko Llushca. Zamani umeme wa jioni wa Quinuapampa, tanuri lako likiwemo, ulishuka kutoka Llushca kwa njia ya Tambo, na njia ile ni nene. Baada ya mimi kufunga duara, sehemu ya umeme huo inapitia Chumbal, kwenye ule waya mwembamba. Ni kama kwenye unsha umpe mtu dhaifu mikono ya wanaume wawili wanaovutana. Chumbal inavutwa mpaka inakosa hatua, ikikosa hatua inawaangusha wote. Taa zinazopumua ndizo dalili zake.

Leoncio halali. Hata angekuwa na macho manne asingeweza kufanya lolote. Waya wangu ndio unaozima bonde. Ukikatwa, mtatulia.

Nakuomba barua hii uisome barazani kabla ya siku ya Mtakatifu Yakobo. Isome yote. Kama kuna mahali pa kunicheka, wacheke.

Nilisimama pale nikapokea makofi, Shangazi. Mpaka sasa mikono yangu sijui niiweke wapi.

Zulema

*

Quinuapampa, 28 Julai 2013

Mwanangu mpenzi,

Leo sikukuu ya taifa, bendera zimetundikwa hata kwenye banda la nguruwe la Mzee Baldomero. Nimeoka mikate mitamu, yote imekwisha. Sungura-pango wangu wa kahawia amezaa tena, watoto wote wazima. Mvua hakuna. Binti wa Hermila amechumbiwa na kijana mwenye meno mazuri, hilo tu ndilo tulilolithibitisha.

Barua yako ilipatikana. Lori la maziwa lilisumbua kidogo, unajua barabara ilivyo. Yale mambo ya Leoncio yamekwisha kwa amani, usijisumbue. Watu wa hapa hawana kinyongo. Umeme bado unakatika lakini tumezoea, nami siku hizi naoka alfajiri.

Kula. Nyote huko Trujillo mnakonda kwa samaki.

Shangazi yako akupendaye sana,
Etelvina

*

Chumbal, 6 Agosti 2013

Kwa heshima kubwa,
Injinia Zulema Cotrina

Samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana vizuri. Mimi ni Leoncio Tongombal, niliyekuwa mwendeshaji wa mtambo wa Chumbal. Anwani yako nimepewa na dereva wa maziwa.

Hukumu yangu ilikuwa ya kutembezwa na doria, kijiji kwa kijiji. Unakaa na watu wa kijiji hiki, unalinda nao usiku, asubuhi wanakukabidhi kwa kijiji kinachofuata. Kila unapofika unasimama mbele ya watu, unataja jina lako na kosa lako. Chakula walinipa, hawakunipiga. Sitaki kusema uongo juu yao.

Nilikuwa nasema, "Mimi ni Leoncio Tongombal, nililala." Mara za kwanza nilisema ili niachiwe. Lakini neno ukilisema mbele ya watu wengi hivyo, linakuingia. Sasa nikikaa nafikiri zile jioni, taa inapoanza kuyumba, mkono wangu uko kwenye gurudumu la kufungulia maji, naliona gurudumu, nasikia mtambo. Halafu najiuliza, je, nilikuwa ninaota kwamba niko macho?

Mke wangu anasema sikulala. Lakini hakuwepo.

Walisoma barua yako kwamba ni mimi. Wewe ulikuwa Trujillo, kwa hiyo nadhani kuna chombo kinachoonyesha. Kama kipo, naomba uniambie ni jioni zipi nililala. Sitagombana. Nataka tu kujua, maana kwa sasa naogopa hata kukabidhiwa mtoto nimshike mkono tukivuka daraja.

Wako mtiifu,
Leoncio Tongombal Infante

*

Trujillo, 14 Agosti 2013

Shangazi,

Barua yangu ya tarehe kumi na tatu Julai uliisoma barazani au hukuisoma?

Na ile ya Juni uliisomaje? Mimi niliandika "labda." Leoncio ananiandikia kana kwamba nilimwona kwa macho.

Sitaki habari za sungura-pango.

Zulema

*

Quinuapampa, 21 Agosti 2013

Zulema,

Barua ilifika mapema. Lori halikuharibika. Niliisoma nimesimama dukani, nikaikunja, nikaisukuma chini ya gunia la unga, na kila nilipochota unga nilichota upande wa pili.

Siku ya hukumu nilikwenda barazani. Barua nilikuwa nayo kifuani, ndani ya nguo, nikijiambia, Mzee Baldomero akiuliza kama kuna mwenye neno, nitasimama. Akauliza. Nikapiga chafya. Kweli nilipiga chafya, sikutunga, na wakati najifuta pua alikuwa ameshafunga kikao. Baada ya hapo nilijiona nimeponea chupuchupu, kumbe aliyekosa kuponea alikuwa Leoncio, anasukumwa mlangoni mbele yangu. Alinipisha nipite kwanza. "Karibu, Bi Etelvina." Nikapita.

Kwa nini? Utasema ni kwa ajili ya waya. Ni kweli nimeubatiza, na mama wa ubatizo haendi barazani kusema mwanawe akatwe. Na ni kweli picha yako iko juu ya kaunta. Lakini kuna zaidi.

Ile ya Juni niliiruka "labda." Nilipolifikia neno lile nikiwa juu ya kreti, watu wote wananitazama mimi, mimi ambaye wamezoea kunitania kwamba nasoma karatasi za kufungia mkate, nikaona "labda" inamfanya injinia wetu aonekane hajui. Nikaona inanifanya mimi nionekane nimeleta barua ya mtu asiyejua. Nikaliruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Hata halikunilowesha, siku ile.

Sasa linanilowesha. Leoncio akipita, naingia nyuma ya tanuri.

Njoo. Lakini usije na namba, hakuna atakayekusikiliza. Njoo na uso wako. Wangu sina wa kutosha.

Etelvina

*

Trujillo, 25 Agosti 2013

Bwana Leoncio,

Hakuna chombo. Hakikuwepo wakati wowote.

Hukulala. Nakuandikia hivi kwanza, kabla ya kujieleza, ili ukiichana barua hii hapa uwe umeshalisoma hilo. Hukulala hata jioni moja. Mkono wako ulikuwa kwenye gurudumu, na gurudumu halikuwa na la kufanya, kwa sababu mimi nilifunga mtandao vibaya nikauita mzuri.

Niliandika "labda ni mwendeshaji." Niliandika bila kukujua, bila kuuliza, kwa sababu kulaumu mtu kulikuwa kwepesi kuliko kurudia hesabu. Neno "labda" halikusomwa, lakini hata lingesomwa, mimi ndiye niliyekuweka kwenye sentensi ile.

Nakuja Jumapili ya kwanza ya Septemba kusema haya mbele ya baraza. Sikuombi unisamehe, hilo lingekuwa kukuongezea kazi. Nakuomba uwepo, ukiweza.

Zulema Cotrina

*

Chumbal, 16 Septemba 2013

Injinia Zulema,

Ulipanda lori kabla mambo hayajaisha, kwa hiyo naona ni haki upate habari.

Nilikuwepo barazani. Hukuniona kwa sababu nilikaa karibu na mlango, nyuma ya mtu mnene. Nilisikia yote. Nilimsikia yule aliyesema, "Kwa hiyo tukate waya ili tupate umeme? Basi na daraja tulivunje, tuvuke vizuri!" Watu walicheka sana. Niliona ulingoja wamalize, ukarudia tena jina langu na kwamba sikulala. Walicheka kidogo. Ukarudia. Mara ya mwisho hakuna aliyecheka. Wewe hukujua, lakini ulivyosimama pale na kulitaja jina na kosa, ndivyo nilivyokuwa nafanya mimi vijijini. Mke wangu alinigusa goti.

Ulipotoka, shangazi yako alisimama. Alisema, "Niliruka neno."

Mzee Baldomero akauliza, "Neno gani?"

"Labda."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Mzee akasema, "Bi Etelvina, hilo si neno dogo." Shangazi yako alikaa chini, na hakuna aliyesogea karibu naye, wala hakuna aliyeondoka karibu naye. Ushirika wa umeme wa vijiji vyetu ukakubali kujaribu kuuzima waya mpya. Hawakuamini, nisikudanganye. Walikubali kwa sababu ilikuwa aibu kukataa.

Siku ya kujaribu waliniita mimi nizime ile swichi ya waya mpya kwenye nyumba ya mtambo. Nilisema nitakuja kwa sharti moja, ifanyike jioni watu wakiwa na taa zao, na yeyote aliyesikia nikisema nililala aje kuangalia. Nilifikiri watakuja wachache. Walikuja kutoka vijiji vyote vinne, wakajaa mpaka kwenye mfereji. Shangazi yako alikuja pia. Alikuwa ameacha tanuri linawaka kule kwake, kwa makusudi, ili mzigo uwe wa kweli.

Nilivuta swichi. Taa ya mlangoni ilitikisika, ikatulia. Tukangoja. Saa ile ambayo umeme huzimika ikafika, ikapita. Taa haikupumua hata kidogo. Mzee Baldomero akavua kofia, akaivaa tena. Nilifikiri mtu atasema kitu. Nilikuwa tayari, nilikuwa nimejifunza hata la kujibu.

Wamenirudisha kazini. Mshahara uleule, ufunguo uleule. Ulichotaka kujua ni kama nimekusamehe, ingawa uliandika kwamba huombi. Sijui bado. Nikijua nitaandika. Nikikaa na mtambo jioni, kuna wakati najifinya mkono kuona kama niko macho. Inapungua.

Lakini nikwambie juu ya jioni ile, kwa sababu wewe hukuwepo. Tulisimama pale muda mrefu, watu wengi namna ile, mlangoni pangu, na wote walikuwa wameinua nyuso wanaitazama taa. Ilikuwa balbu ya kawaida. Waliitazama na kuitazama. Ilikuwa rahisi kuliko kunitazama mimi.

Leoncio Tongombal Infante
Mwendeshaji, Mtambo wa Chumbal